Kuchora ndege na urithi wa imani kwenye ukuta wa mtaa: mwongozo kwa parokia za pwani

Mtoto wa Bagamoyo anamjua kunguru kuliko mchoraji yeyote. Akipita mbele ya ukuta akakuta kunguru ana kifua cha njiwa na miguu ya kuku, atacheka, na ukuta mzima utakuwa umepoteza heshima, pamoja na msalaba wake na mapadre wake wa zamani. Ndiyo maana mwongozo huu unamchukulia ndege kwa uzito uleule wa mtakatifu. Umeandikwa kwa ajili ya paroko, katekista, kikundi cha vijana au fundi rangi aliyekabidhiwa ukuta wa uzio, wa shule au wa zahanati. Vipimo vyote ni vya ukuta wa mita 6 kwa 2.5, na mifano ni ya Bagamoyo. Huko mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 wakitokea Zanzibar.

Ukuta kwanza, mchoro baadaye

Picha nzuri juu ya ukuta mbovu hukaa masika moja. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, rangi ya zamani imechoka na lazima isuguliwe. Kisha kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwa tepu pande zote nne karibu na chini ya ukuta, uiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ukuta unanyonya maji kutoka ardhini. Tafuta chanzo kabla ya kununua hata kopo moja: mara nyingi ni mfereji wa paa unaomwaga pembeni, au udongo uliorundikwa juu ya msingi.

Pwani kuna adui mwingine, chumvi. Lipu iliyopigwa kwa mchanga wa baharini hutoa unga mweupe kila hewa inapokauka, na unga huo huisukuma rangi kutoka nyuma hadi inabanduka kama maganda. Usiuoshe kwa maji. Maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, nayo hutoka tena wiki ijayo. Sugua kwa brashi kavu, subiri wiki mbili, sugua tena. Ikiendelea kurudi, bandua lipu hiyo mpaka urefu wa mita moja na upige nyingine kwa mchanga wa mto, au uchague ukuta mwingine. Hakuna praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, inayotibu chumvi, hata muuza duka akiapa.

Lipu mpya ya saruji isubiri siku 28. Kabla ya hapo saruji bado ni kali, na baadhi ya rangi, hasa za buluu, hugeuka au kupauka kwa mabaka.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni habari nyingine kabisa. Huo hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni. Ukiupaka rangi ya maji ya kisasa, unaufunga pua. Unyevu hukusanyika nyuma ya rangi, na siku rangi inapodondoka inaondoka na chokaa yake. Tena kuta nyingi za namna hiyo Bagamoyo ni za kale na zinalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo huzigusi bila kibali cha idara husika. Ushauri wetu ni mfupi: majengo ya kale ya misheni yaachwe yalivyo. Chora kwenye uzio wa matofali ng'ambo yake, mpita njia aone vyote viwili.

Ukiwa na chaguo, epuka ukuta unaotazama bahari, kwa sababu upepo wa chumvi na mvua ya kusukumwa huupiga moja kwa moja. Epuka pia ule wa magharibi unaochomwa na jua la alasiri. Kazi yenyewe ifanyike kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamepita na vuli haijaanza.

Ndege yupi, na kwa nini huyo

Hapa ndipo michoro mingi inapoharibika. Mchoraji hutafuta picha kwenye simu, anapata ndege wa Ulaya au wa Marekani, anamnakili. Anza na andiko au tukio unalotaka kulionyesha, kisha uliza: kati ya ndege wanaoonekana hapa mtaani, ni yupi anayelibeba?

*Hua.* Kwa parokia iliyozaliwa na Shirika la Roho Mtakatifu, huyu hakwepeki. Desturi ni kuchora njiwa mweupe wa kufugwa, na si kosa. Lakini hua wa porini anayelia asubuhi kwenye minazi yuko karibu zaidi na watu. Mwili wake ni wa kijivu chenye uwekunduwekundu kifuani, jicho ni jeusi, na kisogoni ana mkanda mweusi. Mkanda huo ni nusu tu. Hauzunguki shingo; unaishia pembeni, kama kola iliyofunguliwa kwa mbele. Wachoraji wengi humvisha mkufu mzima. Yupo pia ndugu yake mwenye jicho la njano lililozungukwa na ngozi nyekundu. Usichanganye jicho la mmoja na mwili wa mwingine.

*Mbayuwayu.* Zaburi ya 84 inamtaja mbayuwayu aliyepata kiota karibu na madhabahu. Anayekuja akilini mwa wengi ni yule mwenye koo la rangi ya matofali na mkia mrefu wa uma. Huyo ni mgeni: hufika karibu na Septemba au Oktoba, huondoka karibu na Aprili, na kiota chake yuko nacho kaskazini ya mbali. Ukimchora na makinda Bagamoyo umedanganya. Chora mbayuwayu mwenyeji, mwenye utosi mwekundu wa kutu na michirizi myeusi kwenye kifua cheupe. Kiota chake ni cha vidonge vya tope, kina umbo la kibuyu kilicholazwa, na mlango wake ni mrija mfupi. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi: kila kidonge ni doa moja la brashi, na hakuna vidonge viwili vya rangi moja kwa sababu tope hukauka kwa zamu. Tumia rangi tatu za udongo, na ianze ile nyeusi zaidi.

*Shomoro.* Katika Mathayo wanauzwa wawili kwa senti moja. Katika Luka wanauzwa watano kwa senti mbili. Piga hesabu: wa tano ni nyongeza ya muuzaji, hana bei kabisa, na bado hasahauliki mbele za Mungu. Chora wanne pamoja juu ya waya na wa tano kando kidogo. Watoto wa mafundisho watauliza kwa nini, na katekista atapata pa kuanzia. Dume ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni. Jike ni kahawia tupu.

*Mwari.* Hii ni ishara ya Ekaristi tangu Zama za Kati: ilisemwa kwamba mwari hujichoma kifua ili awalishe makinda damu yake. Si kweli kimaumbile. Inaelekea watu walimwona akibana mdomo kifuani anapomwaga samaki kwa makinda. Wachoraji wa Ulaya ambao hawakuwahi kumwona walimpa shingo fupi na mdomo wa tai, na sura hiyo bado inashonwa kwenye mavazi ya Misa hadi leo. Pwani yetu wapo mwari wa kweli. Mchore na mdomo wake mrefu ulionyooka wenye ndoana ndogo nchani, na mfuko wa ngozi chini yake, mdomo umeinamishwa mpaka kifuani. Onyo dogo la lugha: katika mitaa ya Wazaramo neno mwari, au mwali, ni binti aliyewekwa ndani. Ukiandika jina la ndege, chora kwanza ndipo uandike, usije ukaulizwa ngoma ni lini.

*Kunguru.* Tutamrudia kwenye historia, maana yeye ndiye mtego mkubwa.

Wachache wa kuwekwa mbali: bundi na fundichuma. Watu wengi huwahusisha na kifo au mikosi, na mwenye nyumba inayotazamana na ukuta hatapenda kuamka akitazamwa na bundi kila siku. Parokia za bara nazo zina ndege wao. Ukuta wa Mashahidi wa Uganda, wale 22 waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, unamwita korongo mwenye taji, ndege wa taifa lao.

Mambo matatu ya mwili huwashinda hata wachoraji wazuri. Kwanza, kile kinachoonekana kama goti lililokunjika kurudi nyuma si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa manyoyani. Pili, hua, shomoro, mbayuwayu na kunguru wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, bali kasuku ana viwili na viwili, na mwari vidole vyake vyote vinne vimeunganishwa kwa utando. Tatu, bawa lililokunjwa halibandikwi mgongoni kama jani. Linaanzia begani, na ncha yake hulala juu ya kitako cha mkia.

Kilichokuwepo na kisichokuwepo

Ukichora mapadre wakifika mwaka 1868, kisha ukawawekea angani kunguru wenye shingo ya kijivu, umekosea kwa zaidi ya miaka ishirini. Kunguru hao walitoka Bara Hindi na kuletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, ndipo wakaenea bara. Kunguru wa zamani wa hapa ni yule mkubwa zaidi mwenye kifua cheupe na mkanda mweupe unaozunguka nyuma ya shingo, kama aliyejifunga kitambaa. Ndiye anayefaa kwa picha ya 1868. Ndiye anayefaa pia kwa Eliya, aliyeletewa mkate na nyama asubuhi na jioni. Yule wa kijivu mpe picha za leo, dampo na soko vikiwemo.

Mbuyu nao ni hivyohivyo. Mbuyu maarufu wa misheni ulipandwa mwaka 1868. Katika picha ya mwaka huo ni mche wa kufika magotini, si dude la kuzungukwa na watu kumi. Kanisa la kwanza ni la 1872, na lile kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Kwa hiyo mapadre wanaoshuka chomboni wakilitazama kanisa kubwa ni mzaha.

Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulifikishwa misheni Februari 1874. Alikuwa amefariki tangu Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na msafara uliokuwa na watumishi wake, Chuma na Susi, ulimbeba kwa miguu muda wa miezi tisa hivi. Chora wabebaji kwa sura zao, jasho lao na mizigo yao, mbele kabisa ya picha. Jeneza litoshe kuwa mzigo uliofungwa. Vivyo hivyo waliokombolewa utumwani na kuishi katika kijiji cha misheni: usiwapige magoti mbele ya Mzungu na pingu zilizokatika. Walilima, walijenga, walisoma, walizika wenzao. Huo ndio mchoro. Kule Mua, Malawi, padre mmisionari Claude Boucher, mzaliwa wa Kanada, alianzisha kituo cha sanaa cha KuNgoni mwaka 1976, na kuta za huko zinaonyesha jinsi Habari Njema inavyoweza kuvaa sura na mavazi ya wenyeji bila kuomba radhi.

Majirani

Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na ukuta wa nje ni wa kila anayepita. Kabla ya kuchora, mchoro mdogo upelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wazee wa msikiti wa karibu. Wapo wasiopenda picha za viumbe kabisa. Kwa upande unaotazama msikiti, weka miti, mashua na maandishi tu. Wengine watafurahi kukumbushwa kwamba kunguru ndiye aliyemfundisha Kabili kumzika nduguye, na kwamba hudihudi alimletea Nabii Suleiman habari. Mazungumzo hayo yafanyike kabla rangi haijanunuliwa. Baada ya hapo huitwa ugomvi.

Vifaa, vipimo na rangi

Ukuta wetu una mita za mraba 15. Praima ya nje: lita 2 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Rangi ya maji ya nje kwa mandhari: lita moja hutosha mita za mraba 10 hivi, kwa hiyo mikono miwili ni lita 3, nunua kopo la lita 4. Kwa picha yenyewe: nyeupe lita 4, nyekundu ya kutu lita 1, njano ya udongo lita 1, buluu lita 1, nyeusi nusu lita. Kijani changanya mwenyewe; kile cha kopo hung'aa kama plastiki ya beseni.

Kwa nini nyekundu ya kutu na njano ya udongo? Kwa sababu zinatokana na madini ya chuma, na jua haliziwezi. Nyekundu kali na njano ya limau nyingi hupauka ndani ya miaka michache. Hata damu ya mwari ipake kwa nyekundu ya kutu, uikoleze kidogo tu kwa kali juu yake. Kali ikifa, ya chini itabaki.

Kwa ukuta wa chokaa ulioruhusiwa kuchorwa: loweka chokaa iliyozimwa wiki mbili au zaidi mpaka iwe kama siagi, kisha sehemu moja kwa maji sehemu tatu, nyepesi kama maziwa. Rangi ya unga isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa kavu, la sivyo itatoka na nguo za watu. Chokaa huua rangi nyingi, lakini za chuma huvumilia, na buluu ya kufulia ya kizamani huvumilia pia. Lowesha ukuta kwanza, paka mikono minne au mitano myepesi, mmoja kwa siku. Mkono mzito hupasuka. Vaa miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu, maana chokaa ikiingia jichoni ni ajali.

Kumbuka tofauti hii unapochanganya: rangi ya maji hukolea ikikauka, chokaa hupauka. Jaribu kwenye kipande cha tofali, subiri kikauke, ndipo uamue. Kijivu cha hua anza na nyeupe sehemu 8, nyeusi 1, nyekundu ya kutu nusu, halafu rekebisha kwa jicho. Changanya ya kutosha ndege mzima kwa mara moja. Kijivu cha jana hakirudi.

Kuhamisha mchoro

Chora kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 12.5, yaani moja ya ishirini. Igawe miraba ya sentimita 2.5. Ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa uzi wa fundi uliopakwa chaki, mistari ya kusimama kwa timazi na ya kulala kwa pimamaji. Utapata miraba 12 kwa 5, jumla 60. Ipe namba kwa upande na herufi kwa juu. Usifuate ukingo wa ukuta. Kuta nyingi haziko sawa, na ukiufuata, mashua yako itazama upande mmoja.

Hamisha kwa mkaa, mraba mmoja baada ya mwingine, kisha rudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara. Kutoka huko, mstari mwembamba sana hupotea. Hua wa sentimita 25 mchore mara tatu, yaani mraba mmoja na nusu. Mwari aachwe ukubwa wake wa kweli, miraba mitatu hivi, anatosha.

Sentimita 60 za chini usizipe picha. Hapo ndipo matope ya mvua hurukia, baiskeli huegemezwa na watoto hupiga mpira. Paka mkanda wa nyekundu ya kutu. Nyuso na macho ya ndege yakae kati ya mita 1 na 1.7, aone mtoto na mtu mzima.

Paka mandhari yote kwanza, halafu maumbo makubwa, halafu vivuli, manyoya mwisho. Amua jua linatoka upande gani na uandike mshale ukutani kwa mkaa, maana vijana watano kwenye ukuta mmoja watapaka vivuli vitano. Kunguru asipakwe nyeusi tupu: tia buluu kidogo, na uache mistari miembamba ya kijivu ukingoni mwa mabawa, vinginevyo kutoka mbali ataonekana kama tundu ukutani. Jicho liwe la mwisho, na doa lake jeupe la mwanga liwe upande wa jua.

Saa sita hadi saa tisa mchana pumzikeni. Ukuta wa moto hukausha rangi kabla haijashika, na alama za brashi hubaki. Vanishi ya juu ipake tu ikiwa jaribio la nailoni lilitoka kavu. Kwenye ukuta wenye unyevu vanishi hutoka malengelenge, na kwenye chokaa haipakwi kabisa.

Kutunza

Mabaki ya kila rangi yatie kwenye vikopo vyenye vifuniko vya kubana, uandike kwa kalamu isiyofutika: "kijivu cha hua", "tope la kiota", pamoja na vipimo vyake. Kila mwaka baada ya masika pita na brashi ndogo uzibe palipochunika.

Kisha kuna ndege wenyewe. Ukichora chini ya upenu mpana, mbayuwayu wa kweli watakuja kujenga juu ya wale wa rangi, na mavi yao yana tindikali inayokula rangi. Acha mkanda wa sentimita 30 chini ya paa bila picha, na pigilia ubao mwembamba chini ya kiota kudaka uchafu. Mavi usiyasugue makavu, vumbi lake huingia mapafuni. Yaloweshe kwa dakika kumi, futa kwa kitambaa, suuza. Kiota chenye mayai au makinda kisiguswe mpaka waruke.

Na wakihama, tazama kabla ya kukibandua: mara nyingi kuna jozi nyingine inayosubiri zamu.